Kona, Mkono na Mshazari: Kuisoma Breketi ya Rafu

Kitu cha kwanza kusomwa kwenye breketi ya rafu ni kona yake. Hapo mkono unaobeba ubao hukutana na mguu ulioegemea ukuta, na hapo mzigo hubadili njia: ulikuwa ukishuka kwa uzito wake, sasa unalazimika kuingia ukutani. Yote aliyoyajua mtengenezaji kuhusu mzigo, na yote aliyoyapuuza, yako wazi kwenye sentimita chache za kona hiyo. Mnunuzi anayeanza na bei, au na mng'ao wa zinki, ameiruka sehemu yenye habari nyingi kuliko zote.

Naweka mbele ya msomaji breketi mbili za aina ambazo kila anayepanga nyumba Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Mwanza hukutana nazo. Ya kwanza imeagizwa kutoka nje na kuuzwa kwa bei ya chini kabisa dukani, ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na skrubu zake. Ni utepe wa chuma wenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 1.2 hivi, umekatwa na kukunjwa kwa mashine, na kwenye kona umebonyezwa mfuo. Ya pili imetoka kwa fundi wa kuchomelea, Kamukunji jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam. Imetengenezwa kwa vipande vitatu vya chuma bapa cha milimita 25 kwa 5: mkono, mguu, na mshazari unaoviunganisha viwili hivyo. Tuchukue kwamba zote mbili zina mkono wa sentimita 25 na mguu wa sentimita 20, vipimo vinavyofaa rafu inayotokeza sentimita 30 kutoka ukutani.

Dai langu ni kwamba breketi ya fundi wa kwetu ndiyo ya kuchaguliwa, kwa sababu umbo lake laweza kutengenezwa kwa ajili ya mzigo unaojulikana na ukuta unaojulikana. Uzalendo pekee hautoshi kulibeba dai hilo. Linahitaji kipimo, na kipimo hichohicho ndicho kitakachomhukumu fundi anayelipua kazi.

Tuanze na mzigo wenyewe. Rafu ya vitabu au ya sufuria imekaa juu ya breketi mbili, na kila moja inabeba kilo 20. Vitu vikiwa vimetandazwa ubao mzima, uzito wao huhesabiwa kana kwamba umesimama katikati, sentimita 15 kutoka ukutani. Zidisha 20 kwa 15, upate 300. Hiyo ndiyo nguvu ya kupindua inayofika kwenye kona, ambayo wahandisi huiita momenti. Chuma cha kawaida cha ujenzi hupinda bila kurudi pale mkazo ndani yake unapofika karibu kilo 2,500 kwa kila sentimita ya mraba. Sasa chukua ule utepe wa milimita 1.2 na uuache bapa, bila mfuo. Momenti ya 300 ingeuletea mkazo wa karibu kilo 50,000 kwa sentimita ya mraba, mara 20 ya kikomo chake. Kwa maneno mengine, utepe mtupu ungeanza kujikunja ukiwekewa kilo moja tu.

Kwa hiyo karibu uwezo wote wa breketi ile ya dukani umo ndani ya mfuo wake, na hapa mhakiki lazima atende haki. Mfuo ni wazo la mtu mwerevu. Ukinzani wa chuma dhidi ya kupinda unategemea sana kimo chake, yaani umbali kati ya uso wake wa juu na wa chini. Unene ukizidishwa mara mbili, uwezo wa kubeba huongezeka mara nne na ugumu wa kutonesa huongezeka mara nane. Anayebonyeza mfuo hupata kimo pasipo kuongeza hata gramu moja ya chuma. Kiwanda kinachotengeneza maelfu kwa siku kina sababu nzuri ya kufikiri hivyo, na umbo lililozaliwa na fikra hiyo lina nidhamu yake.

Kasoro iko mahali mfuo unapoishia. Upitishe kidole kutoka kwenye kona kuelekea ncha ya mkono. Kwenye breketi nyingi za bei ya chini mfuo hukoma sentimita nne au tano tu mbele, na kutoka hapo mkono unabaki utepe mtupu. Lakini mzigo haukomi hapo. Kwa rafu yetu, sentimita tano kutoka kwenye kona momenti bado ni kama 208, zaidi ya theluthi mbili ya ile ya kwenye kona. Mtengenezaji ameimarisha mahali pa hatari kubwa kabisa, kisha akaiacha hatari ya pili bila mlinzi. Hapo ndipo mkono hukunjika, ukasogea chini kidogo kidogo hadi vitabu vianze kuteleza kuelekea mbele. Mfuo ungeendelea hadi karibu na ncha, na bati lingekuwa la milimita mbili na zaidi, ningeisifu breketi hiyo bila kuuliza imetoka nchi gani. Zipo za namna hiyo zinazoagizwa kutoka nje, nazo haziuzwi kwa bei ya chini.

Tusikimbilie kumsifu fundi, hata hivyo. Wako wanaokata chuma bapa cha milimita 5, wakakikunja pembe mraba kwenye jiriwa, wakatoboa matundu na kuuza. Mkononi breketi hiyo ni nzito na inaonekana haina mshindani. Ipime. Kwa momenti yetu ya 300, mkazo kwenye kona yake unafika karibu kilo 2,880 kwa sentimita ya mraba, juu ya kikomo cha chuma cha kawaida. Kilo 20 tu zinatosha kuipinda. Mnunuzi aliyeondoka kibandani akiamini kwamba unene ndio uimara amebeba chuma kingi kilichokaa vibaya. Na kama kile kilichouzwa kwa jina la milimita 5 kina 4 kamili, jambo linalotokea mara kwa mara, uwezo wake umeshuka hadi asilimia 64 ya ule uliolipiwa.

Kinachoibadilisha habari yote ni kipande cha tatu. Weka mshazari kutoka sentimita 20 kwenye mkono hadi sentimita 15 chini ya kona kwenye mguu. Urefu wake utakuwa sentimita 25, kwa kanuni ileile ya 3, 4 na 5 ambayo waashi hutumia kupata pembe mraba wanapopiga msingi. Pembetatu imefungwa. Umbo hili halina njia ya kubadilika mpaka upande wake mmoja urefuke au ufupike, na chuma kinachosukumwa au kuvutwa kwa urefu wake kina nguvu nyingi mno kuliko kinachopindwa. Mshazari sasa unasukumwa kwa nguvu ya kilo 25, ambayo ikigawanywa kwenye eneo la mkato wake inaleta mkazo wa kilo 20 kwa sentimita ya mraba. Mkono bado unapinda kidogo pale unapotokeza mbele ya mshazari, lakini momenti iliyobaki hapo ni kama 33, sehemu moja ya tisa ya ile ya mwanzo. Chuma ni kilekile na mzigo ni uleule. Mpangilio umechukua kilichokuwa kikipinda kwa kilo 20 ukakifanya kistahimili mara kadhaa ya hizo.

Ndiyo maana naitazama breketi ya vipande vitatu kama kazi ya fikra. Haifichi hoja yake. Mtoto anaweza kufuata kwa kidole njia ya mzigo: kutoka ubaoni, kwenye mkono, kupitia mshazari, hadi mguuni na ukutani. Kila kipande kina kazi moja na kazi hiyo inaonekana. Ukikiondoa kimoja, kasoro itajitokeza machoni kabla haijajitokeza kwenye rafu. Uzuri wa aina hii hauhitaji kuongezewa kitu, nao unadumu kwa sababu mtazamaji hajadanganywa.

Kwa kipimo hicho hicho tuyatazame mapambo. Mafundi wanaotengeneza mageti na madirisha wana mazoea ya kukunja chuma katika mizunguko na maua, na wateja huyapenda. Fundi akiweka ua ndani ya pembetatu na kuuacha mshazari ulionyooka mahali pake, amepamba kazi iliyokwisha kusimama, na hakuna ubaya. Akiuondoa mshazari akaweka mzunguko badala yake, amerudisha kupinda pale alipokuwa amekuondoa, kwa kuwa chuma kilichojikunja kikisukumwa huzidi kujikunja. Macho yanaona kiguzo, mzigo haukikuti. Pambo la namna hiyo linatoa ahadi ambayo umbo haliwezi kuitimiza, na ni lazima tuliseme hilo hata kama mkono uliolikunja ni wa ustadi mkubwa.

Mguu wa ukutani husomwa mara chache kuliko mkono, ingawa ndio unaoamua kama skrubu zitabaki mahali pake. Mzigo ukiinamisha rafu, sehemu ya chini ya mguu husukuma ukuta na sehemu ya juu hujaribu kung'oka. Skrubu ya juu ndiyo inayozuia. Ikiwa tundu liko sentimita mbili chini ya kona, na mguu wa sentimita 20 umeegemea ukuta hadi mwisho wake, skrubu hiyo inavutwa kwa karibu kilo 17. Fupisha mguu uwe sentimita 10, na mvuto unapanda hadi kilo 37 na nusu. Breketi yenye pande zisizolingana kwa kawaida hufungwa upande mrefu ukiwa ukutani kwa sababu hiyo. Anayeugeuza ili ubao upate mkono mrefu zaidi anaongeza mzigo kwenye skrubu iliyokuwa tayari na kazi nzito.

Hapa ndipo ustadi wa fundi mzuri unapoonekana kwa jambo dogo. Mshazari wetu unaugusa mguu kwenye sentimita ya 15, na mguu unaendelea hadi ya 20. Zile sentimita tano za chini zina kazi mbili. Zinaurefusha mkono wa kukinza dhidi ya kung'oka, na zinatoa nafasi ya tundu la chini ambalo bisibisi inalifikia bila kuzuiwa. Fundi asiyefikiria ufungaji huweka tundu nyuma ya mshazari, kisha mwenye nyumba akahangaika na skrubu iliyoingia upande. Aliye makini zaidi huchagua mguu wenye chuma kipana, milimita 40 kwa mfano, na kuyapeleka matundu pembeni mwa mstari wa mshazari. Ukiliona hilo, ujue aliyeitengeneza amewahi kuifunga breketi kwa mikono yake.

Njia ya mzigo haiishii kwenye chuma. Inaingia ukutani, na kuta zetu zina tabia zake. Nyumba nyingi mpya za mijini zimejengwa kwa tofali za saruji, nyingine zenye uwazi katikati, na juu yake kuna lipu ya sentimita moja na nusu au zaidi. Lipu haishiki kitu. Skrubu ya sentimita tatu, ya aina inayopatikana ndani ya mifuko ya breketi za bei ya chini, inabakisha sentimita moja na nusu tu ndani ya tofali, na plagi yake ya plastiki iko nusu kwenye lipu. Hata breketi bora kuliko zote itashindwa ikifungwa hivyo. Skrubu ya sentimita sita na plagi inayolingana nayo ni kiwango cha chini kwa rafu ya vitabu, na tofali lenye uwazi linahitaji plagi inayotanuka nyuma.

Watu wa pwani wana sababu ya kulielewa suala hili kwa undani. Katika nyumba za mawe za Lamu, rafu ilikuwa ukuta wenyewe. Kuta za matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, zilichongwa zidaka, yaani mashubaka, zilizopangwa safu juu ya safu, na ndani yake zikawekwa vyombo vya kauri, vingi vikiwa vimetoka China. Mzigo ulishuka moja kwa moja kwenye jiwe na hapakuwa na kitu cha kupinda. Ukuta wa tofali wa leo ni mwembamba mno kuchongwa, kwa hiyo rafu imetoka nje ya ukuta na kazi iliyofanywa na jiwe imehamia kwenye kipande cha chuma. Zidaka zinatukumbusha pia kwamba kununua bidhaa za ng'ambo ni desturi ya karne nyingi katika mwambao huu. Waliovinunua vyombo vile walivichagua kwa ubora wake na wakavijengea mahali pa heshima. Ugomvi wangu ni na chuma chembamba kilichoumbwa bila kuujua mzigo, na nisingekivumilia hata kingetoka mtaani kwangu.

Baada ya umbo la jumla, mhakiki hushuka kwenye mshono, kwa sababu pembetatu ina nguvu ya viungo vyake tu. Mshono mzuri wa kuchomelea una mawimbi madogo yanayofuatana kwa mpangilio, umeyeyuka ndani ya vipande vyote viwili, na umejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Mshono mbaya una dalili tatu. Ya kwanza ni kudonoa: nukta mbili au tatu zilizokusudiwa kushika vipande wakati fundi anahakikisha pembe, zikaachwa kuwa kazi iliyokamilika. Ya pili ni magamba, lile ganda jeusi kama kioo linaloganda juu ya mshono. Linapaswa kugongwa na kusuguliwa kwa brashi ya waya. Likipakwa rangi juu yake, matundu yaliyo chini hayataonekana mpaka siku kiungo kitakapoachia. Ya tatu ni grenda iliyozidi. Mshono uliosawazishwa kabisa na chuma unapendeza kuushika, na mara nyingi mteja ndiye anayeuomba, lakini grenda imekula chuma kilichokuwa kinaunganisha. Kwenye breketi naomba mshono ubaki na tumbo lake dogo. Alama ya kazi ni sehemu ya umbo, na tujizoeze kuiona hivyo.

Kisha ipo ngozi ya nje. Breketi ya dukani hung'aa kwa zinki iliyopakwa kwa umeme, tabaka ambalo kwa kawaida lina mikroni 5 hadi 12. Chuma kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa hupata mikroni 45 na zaidi, hata kikiwa chembamba. Ndani ya nyumba kavu ya bara tofauti hiyo yaweza kuchukua miaka kuonekana. Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ina chumvi, huonekana mapema. Na kutu haizidhuru breketi zote sawa. Ikila milimita 0.2 kila upande, utepe wa milimita 1.2 unabaki na 0.8, na uwezo wa sehemu zake bapa kukinza kupinda unashuka chini ya nusu. Chuma cha milimita 5 kikipoteza kiasi hichohicho kinabaki na asilimia 85 ya uwezo wake. Unene, ambao haukutosha kuifanya breketi iwe imara, ndio akiba inayoilinda kwa miaka.

Fundi naye ana deni lake hapa. Breketi za kuchomelea hupakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu na kisha rangi ya mafuta, na mara nyingi kazi hufanywa kwa upande unaoonekana tu. Igeuze uitazame nyuma ya mguu. Upande huo utakaa miaka mingi umebanwa na lipu inayovuta unyevu, nao ndio ulioachwa na vumbi la grenda na tone moja la rangi lililopitiliza. Fundi anayesafisha mafuta na vumbi kabla ya kupaka, akapaka nyuma kwa uangalifu uleule wa mbele, anastahili kulipwa zaidi, na anayeliona hilo ni mnunuzi anayeigeuza breketi kabla ya kuuliza bei.

Sasa tunaweza kulirudia neno "ya kwetu" kwa uaminifu. Chuma bapa anachokata fundi huenda kimeviringishwa na kiwanda cha ndani kutokana na chuma chakavu kilichoyeyushwa, na huenda malighafi yake imevuka bahari. Kilicho cha kwetu kwa uhakika ni uamuzi wa umbo: wapi mshazari uguse, tundu likae wapi, mguu uwe mrefu kiasi gani. Uamuzi huo unafanyika umbali wa mtaa mmoja au miwili kutoka kwenye ukuta utakaopokea mzigo. Kiwanda cha mbali kinaunda breketi kwa ajili ya rafu ya wastani kwenye ukuta wa wastani, na kila mnunuzi analazimika kuifaa breketi. Fundi mzuri ukimwomba breketi hakuulizi kwanza saizi. Anakuuliza utaweka nini juu yake. "Mabuku ya shule, fundi, rafu ya sentimita 40," na mkono unarefushwa, mshazari unasogezwa mbele, chuma kinapanda unene, kabla hata hajawasha mashine. Mwaka ukipita na kiungo kikafunguka, unajua mlango wa kugonga.

Maarifa hayo yamejengwa katika mazingira magumu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira nchini Kenya, iliyotoka mwaka 1972, iliitaka serikali iache kuwabughudhi mafundi wadogo wa mijini na itambue mchango wao. Tanzania iliunda shirika la SIDO mwaka 1973 ili kuviendeleza viwanda vidogo. Mtafiti Kenneth King, katika kitabu The African Artisan cha mwaka 1977, alifuatilia jinsi mafundi wa Kenya walivyoziiga bidhaa za viwandani, wakazibadili na kujitengenezea mashine zao. Rais Moi wa Kenya aliwatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985, na ujenzi wa mabanda ukafuata. Muda wote huo ufundi ulipita kutoka mkono hadi mkono, kwa mwanafunzi kusimama kando ya fundi na kutazama. Njia hiyo inafundisha ustadi wa ajabu, lakini ina pengo moja: umbo bora alilolipata fundi mmoja hubaki kwenye kibanda chake, na kosa la jirani yake huendelea kuigwa.

Pengo hilo linaweza kuzibwa. TIRDO na KIRDI, taasisi za utafiti wa viwanda za Tanzania na Kenya zilizoundwa mwaka 1979, zina uwezo wa kupima breketi za aina hii hadi zivunjike na kutoa michoro michache yenye vipimo: mkono wa urefu huu, mshazari hapa, chuma cha unene huu, kilo kadhaa. Mchoro wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ukibandikwa kwenye banda la fundi, utafanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi. Mafundi wenyewe wanaweza kuanza bila kusubiri. Seti ya tindo za herufi na namba inatosha kupiga chapa kwenye mguu: jina la banda na uzito unaoruhusiwa. Aliyetia jina lake kwenye chuma ameahidi mbele ya watu, na breketi yenye ahadi hiyo haitafuti huruma ya mnunuzi.

Serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa kununua bidhaa za Kenya mwaka 2017, na shule, zahanati na maktaba za pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania zinahitaji rafu kila mwaka. Wanaoandika zabuni hizo waandike umbo, siyo bei pekee. Watake mshazari ulionyooka, mguu usiopungua theluthi mbili ya utokezaji wa rafu, mshono kamili pande mbili, rangi nyuma na mbele. Kwa masharti hayo fundi wa Kamukunji atashindana bila upendeleo, na mwagizaji atakayetaka kushindana naye atalazimika kuleta chuma kinachostahili.

Sisi wanunuzi nasi tuna sehemu yetu. Breketi ya vipande vitatu tuliyoipima ina chuma cha karibu gramu 690; ile ya utepe haifiki gramu 110. Anayemshurutisha fundi auze ya kwanza kwa bei ya ile ya pili anamwomba apunguze chuma, aruke mshazari, au adonoe mshono, na fundi mwenye watoto wa kulisha atafanya mojawapo. Kwa hiyo nenda kwa fundi na vipimo vitatu: rafu inatokeza sentimita ngapi, vitu vina uzito gani, na ukuta ni wa aina gani. Akikujibu kwa vipimo, mlipe anachostahili. Akikujibu kwa bei peke yake, nenda kibanda cha pili.